Nyumba Isiyopitisha Upepo

Kabla ya mwaka ule, Kaberia hakuwahi kuiogopa kazi yake. Kulikuwa na nini cha kuogopa? Hakupanda maghorofa wala hakushika nyaya za stima. Alikuwa fundi wa madirisha na milango, na si ile ya mbao au ya chuma ambayo kila soko lina mtu wa kuitengeneza, bali ile migeni ya plastiki nyeupe ngumu, yenye vioo viwili vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine na hewa kidogo katikati. Kitasa kikikwama, mkono wa dirisha ukizunguka bure bila kushika, bawaba zikilegea mpaka dirisha likakaa upande, aliitwa yeye. Alizaliwa Meru, akajifunza kazi Nairobi kwa miaka saba katika karakana moja iliyoagiza madirisha hayo kutoka nje, kisha akahamia Embu mjini mkewe Celina alipopata kazi ya kufundisha chekechea huko. Alikodi kibanda cha mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kutoka hapo alizunguka kwa pikipiki yake, hadi Chuka na mbele hadi Meru, kila mahali ambapo watu waliokuwa ng'ambo walikuwa wakijenga.

Simu ya Lenah ilimpata mwishoni mwa mwezi wa sita. Lenah alikuwa mwanamke wa Kibugu, milimani juu ya Embu mjini, aliyeishi Uingereza zaidi ya miaka ishirini akitunza wazee. Alikuwa amemjengea mama yake nyumba huko juu, karibu na msitu, na badala ya kununua madirisha Nairobi alikuwa ameyapakia kwenye kontena yakiwa yametolewa kwenye nyumba kuukuu za Wazungu.

"Fundi, upepo unapita kila mahali," alisema. "Mama ana miaka themanini na mmoja. Kifua kinamsumbua. Nataka uende utengeneze yote, madirisha kumi na moja na milango miwili. Sitaki kusikia upepo tena."

"Hutausikia, Mama Beth," Kaberia alimjibu, kwa kuwa ndivyo watu wa Kibugu walivyomwita Lenah, kwa jina la binti yake.

Nyumba ilisimama peke yake juu ya mashamba ya chai, nyeupe, mgongo wake ukiwa kwenye miti. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Kaberia aliposimamisha pikipiki, mwanamume wa miaka hamsini na kitu alitoka kwenye chai akiwa na kikapu mgongoni, akamtazama bila kumpa mkono. Huyo alikuwa Munyi, kaka yake Lenah, aliyekaa boma la chini.

"Wewe ndiye umetumwa na Uingereza?"

"Ndiyo, mzee. Mimi ni fundi."

"Mama alikuwa na nyumba yake ya mbao. Miaka hamsini. Hakuna siku iliitiwa fundi." Akatema mate kando, akarudi kwenye chai.

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Mama mzee, ambaye kila mtu alimwita Cucu Rwamba, yaani Bibi Rwamba, alikuwa ameketi kwenye kiti cha sofa, amejifunika blanketi mbili, na jiko la makaa limewekwa miguuni pake na birika juu yake. Mapazia yalikuwa yakicheza ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa. Msichana wa jamaa aliyekaa naye, Igoki, aliyekaribia miaka thelathini, alikuwa amejaza matambara kwenye nyufa.

"Mwana wa Meru," Cucu alimwambia alipojua atokako, "kama umekuja kufukuza upepo huu, nitakuombea hadi watoto wako wazeeke."

Kaberia alifanya kazi siku nne, na ilikuwa kazi ya kupendeza. Waashi waliopachika madirisha hayo hawakuwahi kuyaona maishani. Walikuwa wameyagongea kwa nyundo kama ya mbao. Alifungua kila moja, akanyoosha fremu, akabadilisha bawaba zilizochoka. Mikono sita ilikuwa ikizunguka bure, maana vyuma vya meno vilivyo ndani ya fremu vilikuwa vimesagika, akatia vingine. Raba zilizokauka akazing'oa, akapachika mpya. Kwa kuwa Lenah alikuwa na hofu ya wezi, kila mkono wa dirisha ulitiwa kufuli yake ndogo na ufunguo wake. Munyi alizikusanya funguo hizo zote kwenye waya mmoja, akasema zitakaa kwake, kwa sababu mama angezipoteza.

Kila alipomaliza dirisha, Kaberia alifunga kipande cha gazeti katikati ya fremu, kisha akakivuta. Kisipotoka, dirisha limeshika. Halafu aliwasha kiberiti, akakizima, akautazama moshi wake. Katika nyumba ile moshi ulipanda wima kama uzi, haukuyumba hata kidogo.

Siku ya nne Igoki alimwita, akamwonyesha juu ya fremu. Kulikuwa na vitundu vyembamba, virefu, vyenye kifuniko cha plastiki.

"Na hivi? Ukiweka mkono hapa unasikia baridi."

Kaberia alivijua. Kule Nairobi msimamizi wao alikuwa amewaambia mara moja, akipita, kwamba hivyo ni vya kuifanya nyumba ipumue. Lakini kila mteja wa milimani alitaka vizibwe, na kila mara alikuwa akiviziba. Alisimama juu ya kigoda na bomba la gundi mkononi, akafikiri kidogo. Kisha akamfikiria Lenah na maneno yake. Akaviziba vyote, kimoja baada ya kingine, akalainisha gundi kwa kidole kilicholowa mate hadi usingejua kwamba palikuwa na tundu.

Alipoondoka, mapazia yalikuwa yametulia. Cucu Rwamba alikuwa amevua blanketi moja. Aliweka mkono wake mkavu juu ya kichwa cha Kaberia, akasema maneno ya Kiembu ambayo Kaberia aliyaelewa nusu tu.

Siku tisa baadaye Igoki alipiga simu. Mlango wa nyuma ulikuwa umeshuka, unakwaruza sakafu na haufungi vizuri. Kaberia alikumbuka kwamba bawaba ya chini ya mlango huo ilikuwa imempa shaka. Akapanda tena.

Jambo la kwanza aliloliona ni vioo. Vilikuwa vinatiririka maji kwa ndani, matone makubwa yakishuka na kufanya vidimbwi kwenye vizingiti. La pili ni Cucu. Alikuwa kwenye kiti kilekile, jiko miguuni, lakini uso wake ulikuwa umebadilika, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka shambani juani.

"Karibu, baba yao," alimwambia Kaberia.

"Mimi ni fundi, Cucu. Kaberia."

"Najua. Nasema na huyu." Akaelekeza kidevu kwenye kiti kitupu kilichokuwa kando ya Kaberia.

Igoki alimvuta jikoni. Macho yake yalikuwa mazito. "Anaongea na marehemu mumewe tangu Jumapili. Mimi nikiamka natapika. Kichwa kinaniuma hadi saa nne, halafu nikienda kuchuma chai kinapona. Nikirudi, kinaanza tena." Akashusha sauti. "Na paka alikufa. Tulimpata chini ya sofa, hana jeraha, hana kitu. Munyi anasema haya madirisha yalitoka nyumba za watu waliokufa. Tuliita watu wa maombi. Waliimba hapa saa mbili, mama wawili wakaanguka. Wakasema ni kweli, kuna kitu hapa."

Kaberia alikuwa mtu wa kanisa, na mambo ya pepo hakuyakubali wala hakuyadharau. Alichukua vyombo vyake, akaenda kwenye mlango wa nyuma. Upepo ulikuwa ukiingia hapo chini, mahali mlango uliposhuka. Akafungua skrubu za bawaba, akainua mlango, akatia kipande cha bati chini ya bawaba, akakaza. Alipokuwa akikaza alisikia kichwa kikimbana kwenye paji. Bisibisi ikamponyoka. Alipoinama kuiokota, sakafu ikasogea.

Akatoka nje. Alisimama kwenye ukungu, akavuta pumzi, na baada ya muda akawa mzima. Akarudi ndani kumaliza, na paji likabana tena. Alifanya kazi iliyobaki harakaharaka, na kwa mara ya kwanza maishani alimaliza kazi bila kuijaribu kwa karatasi. Hakukuwa na haja. Mlango ulifunga kwa mlio laini, mzito, kama kifuniko cha sufuria kinapokaa mahali pake.

Munyi alimsubiri kwenye pikipiki.

"Wewe wa Meru," alisema, "umeingiza nini katika nyumba ya mama yangu?"

"Sijaingiza chochote, mzee. Ni mafua. Baridi hii..."

"Mafua huua paka?"

Kaberia alipiga pikipiki teke, akateremka. Usiku huo na usiku uliofuata hakulala vizuri. Alimwambia Celina kwamba labda kweli kuna nyumba zisizotaka kufungwa. Celina alimwambia aache upuzi, lakini naye akapunguza sauti aliposema hivyo.

Siku ya tatu mvua ya manyunyu haikukatika tangu alfajiri. Ilikuwa Jumamosi. Kaberia alibaki nyumbani kwake, nyumba ya mabati ya vyumba viwili. Baada ya chakula cha mchana Celina aliwasha jiko nje chini ya paa, akalipepea hadi makaa yakawa mekundu, ndipo akaliingiza ndani. Kisha akaenda akafungua dirisha, akalitilia jiwe lisijifunge.

"Mbona unatuletea baridi?" Kaberia aliuliza.

"Wewe ni mtoto? Umesahau makaa huua watu? Hewa lazima ipite."

Alisema hivyo bila kumtazama, huku akipanga vikombe. Kaberia alibaki ameshika kiti. Aliuona moshi wa kiberiti ukipanda wima kama uzi. Aliona kidole chake mwenyewe kikilainisha gundi. Miaka hamsini yule mama alikuwa ameota moto wa jiko katika nyumba ya mbao iliyojaa nyufa, na hakuna lililompata. Hakuna mtu aliyemwambia aache, kwa sababu hakukuwa na sababu ya kumwambia. Kisha akaja yeye na gundi. Na mlango wa nyuma, ule uliokuwa umeshuka, ndio uliokuwa umewaweka hai siku zile zote. Naye alikuwa ameuinua.

Alimpigia Igoki. Simu iliita hadi ikakatika. Alipiga tena. Alimpigia Munyi.

"Mzee, nenda kwa mama sasa hivi. Fungua madirisha. Toa jiko nje."

"Niko kituo cha chai, nimeleta majani. Na wewe nilikuambia uachane na mama yangu."

"Mzee, nakuomba kwa jina la Mungu..."

Munyi alikata.

Barabara ya kupanda Kibugu ilikuwa utelezi mtupu. Alianguka mara moja kwenye kona, akainuka, kiatu kimoja kimejaa tope. Alipofika, nyumba ilikuwa imetulia juu ya chai, nyeupe, imefungwa pande zote. Hakuna moshi uliotoka popote. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye kuliko yote, kwamba hakuona moshi.

Alibisha mlango wa mbele kwa ngumi. Mlango huo nusu yake ya juu ilikuwa kioo. Vioo viwili havipitishi sauti. Alijisikia anapiga ukuta. Alipangusa maji ya mvua, akachungulia, lakini kwa ndani kioo kilikuwa kimejaa ukungu. Kupitia njia moja iliyochorwa na tone lililoteremka aliona mguu wa Igoki sakafuni, katikati ya sebule na mlango, soli ya ndara ikimtazama. Nyuma yake yalikuwa majiko mawili. Baridi ilikuwa imezidi siku hiyo, wakawa wameongeza.

Alivuta mkono wa mlango. Haukucheza. Alijua hautacheza. Ndani ya mlango ule kulikuwa na vyuma vitano vilivyoingia kwenye fremu, juu, kati na chini, na alikuwa amevipaka grisi kimoja kimoja. Aligonga kioo kwa jiwe, jiwe likaruka. Hapo akili ikamrudia. Kioo cha aina hiyo hakivunjwi katikati. Alichukua bisibisi nyembamba na nyundo kwenye mkoba, akaweka ncha kwenye pembe ya chini kabisa, akapiga. Kioo cha nje kikamwagika chote kama mahindi. Akapiga cha pili vilevile. Joto lilimpiga usoni, joto zito lisilo na harufu ya kutisha, joto la nyumba ambamo mtu angetaka kukaa.

Alivuta pumzi nje, akaizuia, akaingiza mkono, akageuza ufunguo. Alimburuta Igoki kwa mabega hadi kwenye nyasi. Alikuwa akikoroma. Akarudi. Cucu Rwamba alikuwa kwenye kiti, kichwa kimelala begani, mashavu mekundu, mrembo kama msichana. Kaberia alimbeba kama unavyombeba mtoto aliyelala, naye hakuwa na uzito wowote. Akamlaza chini ya mvua kando ya Igoki, akaweka sikio kifuani pake. Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Alisikia mvua kwenye majani ya chai, na pumzi ya Igoki ikikwaruza, na hakusikia kitu kingine.

Hivyo ndivyo Munyi alivyomkuta alipopanda na watu wawili kutoka kituoni. Mlango umevunjwa, fundi wa Meru amepiga magoti na bisibisi kando yake, mama amelala kwenye nyasi. Kofi la kwanza lilimwangusha Kaberia. Mengine hakuyakumbuka vizuri. Kilichomwokoa ni Igoki, aliyetapika, akafumbua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Jiko. Toeni jiko."

Polisi walimweka Kaberia siku mbili, hadi daktari aliyempasua marehemu aliposema kwamba ni hewa ya makaa. Hakuna aliyemshtaki. Siku ya mazishi alikaa nyuma kabisa, mdomo ukiwa bado umevimba, na hakuna aliyemfukuza. Lenah alikuwa amekuja kutoka Uingereza. Baada ya watu kutawanyika alimwita kando, karibu na tangi la maji.

"Vile vitundu vya juu," alisema. "Ulivifunga?"

"Nilivifunga, Mama Beth."

"Ulijua ni vya nini?"

Kaberia angeweza kusema hapana. "Nilikuwa nimeambiwa zamani. Sikufikiri."

Lenah aligeuka akaitazama nyumba yake. "Kule ninakofanya kazi," alisema, "kila chumba cha mzee kina kifaa ukutani kinacholia hewa ikiharibika. Kila asubuhi ni mimi ninayebonyeza kitufe kuona kama kinafanya kazi. Miaka ishirini." Alifunga kitambaa chake vizuri. "Na ni mimi nilikwambia sitaki kusikia upepo." Kisha akaenda kuwasaidia wanawake kukusanya sahani.

Nyumba ilifungwa. Munyi alizitupa funguo mtoni. Igoki alirudi kwao Kiritiri, kwenye joto, na watu waliomwona walisema ni mzima ila husahau majina ya vitu, akitaka chumvi husimama tu akinyoosha mkono.

Kaberia hakugusa dirisha mwezi mzima. Kisha asubuhi moja alifunga drili kwenye pikipiki, akamwambia Celina kwamba anaenda kutoboa. Kwa kuwa nyumba ya Cucu Rwamba haikuwa ya kwanza. Kulikuwa na nyumba nyingine ambazo alikuwa ameziziba kwa mkono uleule, Manyatta, Chuka, Nkubu, Meru, nyumba za walimu na wafanyabiashara na watu wa ng'ambo, na hakuwa ameandika popote. Alizitafuta kwa kumbukumbu, kwa namba zilizobaki kwenye simu, kwa rangi ya geti. Alipofika alieleza kisa chote, bila kujipunguzia lawama. Wengine walimfungulia, akatoboa gundi na kuwaachia vitundu wazi. Mwalimu mmoja pale Nkubu, Bi Makandi, alilia akamshika mkono. Wengine walimdhani anatafuta kazi kwa vitisho. Mfanyabiashara mmoja Meru mjini alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, fundi, nimesikia," akafunga mlango, na Kaberia akabaki nje na drili yake.

Mwaka wa pili alikuwa bado hajamaliza. Kulikuwa na nyumba moja upande wa msituni juu ya Meru ambayo alikumbuka vizuri madirisha yake, saba, yenye mikono ya rangi ya fedha, na mtoto mchanga aliyekuwa akilia chumbani alipokuwa akiziba. Jina la mwenyewe lilikuwa limempotea. Alipita njia zile mara nne akiuliza kwenye maduka. Mwezi wa saba ulipoingia tena, na baridi ikashuka, alianza kwenda huko kila Jumamosi.